Rekodi za mahogani: kutoka maktaba za London hadi magogo ya Kilombero

Uingereza haina msitu wa mahogani hata mmoja. Lakini popote duniani wanapouza samani za kale, ukitaja meza ya kuandikia ya mahogani, kabati la vitabu lenye milango ya vioo au ngazi ya kufikia rafu ya juu, wauzaji watakutajia Uingereza ya kati ya mwaka 1800 na 1830. Mafundi wa London na Lancaster walichukua mbao za nchi za watu, wakajijengea jina ambalo limedumu miaka 200. Sisi tunao mkangazi, mti wa ukoo huohuo wa mahogani, unaoota kando ya mito inayoteremka kutoka Udzungwa kuingia bonde la Kilombero. Hata hivyo mnunuzi wa Dar es Salaam akiingia dukani anaonyeshwa meza ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, iliyoletwa kwa kontena, na anaambiwa hiyo ndiyo ya kisasa.

Nimekusanya hapa rekodi za mti huo, za jamaa zake na za samani zilizotokana nao. Zipo nitakazokaa nazo na zipo nitakazopita haraka, kwa sababu hazilingani uzito. Nasema mapema ninachokiamini: katika mbao, kipimo kinachostahili kuangaliwa kwanza ni miaka. Samani ikifa kabla mti mwingine haujakomaa mahali pa ule uliokatwa, ni hasara, hata kama iliuzwa kwa mamilioni.

Mrefu kuliko yote Afrika

Bingwa wa urefu ni ndugu wa mkangazi, na yuko Tanzania. Mwaka 2016 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Andreas Hemp, na wenzake walitangaza kwamba wamepima mti wa meta 81.5 katika korongo la Kilimanjaro. Jina lake la kitaalamu ni Entandrophragma excelsum, na unatoka katika ukoo wa mahogani. Hemp alikuwa ameiona miti hiyo miaka kama 20 nyuma akashuku kuwa ni mirefu isivyo kawaida, ila hakuwa na chombo cha kumthibitishia. Kati ya 2012 na 2016 akarudi na vifaa vya leza, akapima zaidi ya miti 30 ya aina hiyo. Ile kumi mirefu zaidi ilikuwa kati ya meta 59 na 81.5.

Umri wa hiyo mirefu unakadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600. Maana yake ni kwamba Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, baadhi ilikuwa tayari imeshika ardhi. Imefika hapo kwa sababu ya udongo wa volkano wenye rutuba, mvua za kutosha na joto la wastani. Korongo nalo limeisaidia, maana pale ni shida kufika na msumeno, na shida zaidi kutoka na gogo.

Mkangazi wetu haufiki huko, lakini haudharauliki. Katika msitu mzuri hufikia meta 60, na shina lake hunyooka kwa urefu mkubwa kabla ya kutoa tawi la kwanza. Wakati Wandamba walipochonga mitumbwi yao ya gogo moja kwa ajili ya mto Kilombero, ukubwa na unyoofu wa namna hiyo ndio waliokuwa wakiutafuta. Mtumbwi hauungwi kwa misumari, hivyo upana wa mti ndio upana wa chombo.

Mzee kuliko yote bondeni

Hapa lazima nitoke kidogo kwenye ukoo wa mahogani, maana habari yenyewe imetokea nyumbani na wengi hawajaisikia. Mwaka 2019 wataalamu wa mimea, miongoni mwao Aloyce Mwakisoma na Mwitaliano Andrea Bianchi, walikuwa wakikagua misitu ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, kwenye milima ya Udzungwa inayolitazama bonde la Kilombero. Wakakutana na mti mkubwa ambao sayansi haikuwa na jina lake. Mwaka 2025 ukatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Tessmannia princeps.

Mti huo hufikia meta 40 kwenda juu, na mkubwa zaidi una kipenyo cha kama meta 2.7. Kinachostaajabisha ni mwendo wake wa kukua. Katika shina lililoanguka, watafiti walikuta miviringo ya ukuaji 12 hadi 15 ndani ya sentimeta moja tu. Kwa hesabu hiyo, wanakadiria kwamba miti mikubwa zaidi ina umri wa kati ya miaka 2,000 na 3,000. Ilikuwa tayari miti ya makamo wakati misikiti ya kwanza ya mawe inajengwa Kilwa.

Ni wa ukoo wa kunde, na hivyo ni jamaa wa mkongo ambao maseremala wa Ifakara, mji wa bondeni, wanaujua kwa milango na fremu. Hapo ndipo moyo wangu unapogonga. Jitu la meta 40 limesimama juu ya mashamba ya mpunga kwa maelfu ya miaka, na tumelipa jina la kitaalamu juzi. Je, kabla ya 2019 mingapi ilipasuliwa ikauzwa kama mbao za kawaida? Misitu hiyo ni vipande vilivyobaki kati ya hifadhi mbili kubwa, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero na ile ya Uzungwa Scarp, na kazi ya kuviunganisha upya kwa kupanda miti ya asili imeanza. Ningependa kila shule ya msingi ya Mngeta na Mlimba iwe na picha ya mti huu ukutani.

Mbao iliyogharimu watu wengi zaidi

Rekodi hii haiandikwi kwenye vitabu vya minada. Mahogani iliyojaza maktaba za Uingereza ilitoka visiwa vya Karibi na pwani ya Amerika ya Kati. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zinazotoka katika makoloni yake ya Amerika, na biashara ikafumuka. Jamaika ilikatwa kwanza, hadi miti mikubwa ya karibu na bahari ikaisha. Zikafuata Kuba na Hispaniola, kisha pwani ya ghuba ya Honduras, katika nchi ambayo leo ni Belize, ambako mkataba wa 1786 na Uhispania uliwaruhusu Waingereza kukata mahogani.

Kapteni George Henderson, aliyeishi huko, alichapisha mwaka 1809 maelezo ya jinsi kazi ilivyofanyika. Watumwa waligawanywa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na mtafutaji, mtu mwenye jicho kali kuliko wenzake. Mwezi wa Agosti, majani ya mahogani yalipoanza kugeuka wekundu wa manjano, alipanda mti mrefu akatazama juu ya msitu mzima, akatambua rangi hiyo kwa mbali. Kisha alishuka na kutembea hadi kwenye mti wenyewe bila dira wala alama.

Wakataji walijenga jukwaa la fito kulizunguka shina, meta tatu au nne kutoka ardhini, ili wakwepe matako mapana ya mti, wakakata kwa shoka wakiwa wamesimama juu yake. Magogo yaliburutwa kiangazi, Aprili na Mei, kwa magari ya ng'ombe, usiku kwa mwanga wa mienge kwa sababu mchana ng'ombe wasingestahimili jua. Mvua za Juni ziliposhuka na mito kufurika, magogo yaliachiwa yaelee hadi baharini, watu wakiyafuata kwa mitumbwi.

Kwa mtu wa Kilombero maelezo hayo hayahitaji picha. Gogo, kiangazi, mafuriko na mtumbwi ni mambo anayoyajua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba waliokata mahogani ya Honduras walikuwa Waafrika na watoto wa Waafrika, wasiolipwa, wasio na ruhusa ya kuondoka. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilipitishwa 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Kwa hiyo meza ya maktaba ya mwaka 1815, yenye ngozi ya kijani juu na vishikio vya shaba, imesimama juu ya kazi ya watumwa. Miaka hiyohiyo, upande wetu wa dunia, misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikishuka kwenda Kilwa na watu waliofungwa shingo. Anayeisifia samani hiyo bila kulisema hili anasifia nusu tu.

Samani zenye akili kuliko zote

Nikishasema hayo, nakiri pia kwamba mafundi wale walikuwa hodari. Maktaba binafsi ya tajiri wa Kiingereza ilikuwa na rafu ndefu hadi dari, na tatizo lilikuwa kufikia kitabu cha juu. Ngazi inakula nafasi na inaharibu sura ya chumba. Kampuni ya Morgan & Sanders ya mtaa wa Catherine, London, ikaja na kiti cha mikono cha mahogani ambacho ukifungua komeo na kukipindua mbele kwenye bawaba zake, kinageuka ngazi ya vipandio vinne. Kikirudishwa, hakuna anayejua. Picha yake ilichapishwa mwaka 1811 katika jarida la Ackermann, na viti vya aina hiyo bado vinauzwa mnadani vikiwa vinafanya kazi. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa chenye akili kuliko vyote vilivyowahi kuingia maktaba kabla ya kompyuta.

Mshindani wake wa karibu ni meza ya duara ya Robert Jupe, aliyoipatia hataza mwaka 1835. Unaishika ukingoni, unaizungusha, na uso wake unagawanyika vipande vinavyosogea nje kwa pamoja. Unapachika vipande vya ziada kwenye nafasi zilizoachwa, na meza imekuwa kubwa bila kupoteza uduara wake. Kampuni ya samani ya Gillows ya Lancaster nayo iliandika katika vitabu vyake vya miaka ya 1790 dawati dogo la mteremko lililoagizwa na Kapteni Davenport, na hadi leo madawati ya umbo hilo yanaitwa kwa jina la mteja huyo.

Gillows wana rekodi nyingine ninayoiheshimu zaidi. Walikuwa miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa Kiingereza kugonga muhuri wa jina lao kwenye samani kama desturi ya kazi, mara nyingi kwenye ukingo wa droo. Fundi anayegonga jina lake anajua mteja atarudi iwapo kazi itaharibika. Hapa kwetu nyundo ya alama hugongwa kwenye gogo na watu wa misitu, kuonyesha kwamba limekatwa kihalali, lakini meza yenyewe hutoka karakana bila jina la aliyeitengeneza. Nimeona makabati mazuri mno Ifakara ambayo baada ya miaka 20 hakuna atakayejua ni kazi ya mkono wa nani.

Kwa nini mahogani, na si mwaloni waliokuwa nao nyumbani? Kwanza ni upana. Gogo moja lilitoa ubao mpana kutosha uso mzima wa meza bila kiungo. Pili, haipindi sana hewa ikibadilika. Tatu, inakubali patasi: ukichonga jani au ukucha wa simba, inabaki na makali. Nne, ikipigwa msasa na kupakwa nta au vanishi inatoa rangi nyekundu ya kahawia inayozidi kukolea kwa miaka. Mkangazi una sifa hizo karibu zote, na ni mwepesi kuufanyia kazi kwa randa kuliko mkongo.

Siri nyingine ya samani zile ilikuwa subira. Mafundi wa zamani wa Uingereza walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene wa ubao, mbao zikipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Pembe za droo zilichongwa meno yaliyoumana, bila msumari. Miguu iliingia kwenye tundu kwa ulimi uliokatwa kwa kipimo, kisha gundi.

Linganisha na tunavyofanya. Mteja wa Ifakara analeta mbao zilizopasuliwa juzi, bado zinatoa maji, na anataka kitanda kabla ya harusi ya Jumamosi. Fundi anaunga kwa misumari kwa sababu hana namna. Kiangazi kikifika ubao unasinyaa, kiungo kinafunguka, masika ikirudi mlango wa kabati unavimba na kugoma. Lawama anapewa fundi, wakati kosa lilianza siku mbao zilipopakiwa mbichi kwenye lori.

Ghali kuliko zote

Samani ya mahogani iliyotikisa dunia kwa bei ni dawati lenye kabati la vitabu juu yake, linalosemekana kuwa kazi ya John Goddard wa Newport, Rhode Island, miaka ya 1760, kwa ajili ya mfanyabiashara Nicholas Brown. Mwaka 1989 liliuzwa kwa mnada wa Christie's, New York, kwa dola milioni 12.1. Halikuwa na dhahabu wala vito. Ni mahogani tupu iliyochongwa maumbo ya kome, na kazi ya mkono isiyo na dosari.

Kampuni ya Nicholas Brown na ndugu zake ndiyo iliyotuma meli ya Sally kuja Afrika Magharibi mwaka 1764 kununua watu. Zaidi ya watu 100 walikufa katika safari hiyo. Dawati na meli ni vya miaka ileile na fedha ileile.

Bei ya juu zaidi niijuayo kwa samani yoyote ni ya kabati la Badminton, kazi ya Florence ya karne ya 18, lililouzwa London Desemba 2004 kwa zaidi ya pauni milioni 19. Hilo ni la mbao nyeusi na mawe ya rangi, na hakuna fundi wa Kilombero wa kujifunza lolote kwake.

Nzito kuliko zote, tulivu kuliko zote

Mpingo, mti wa taifa, una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa meta ya ujazo, na ukiutupa mtoni unazama kama jiwe. Unatengeneza zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde, na huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Kwa meza ya maktaba haufai: shina lake ni jembamba na limepinda.

Mninga ndio mtulivu. Ukikaushwa husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi zinazojulikana, na ukishakaa mahali pake haucheki wala haulii. Mtu akiniuliza mbao gani ya Tanzania ingemridhisha fundi wa Gillows kwa droo inayofunguka vilevile masika na kiangazi, jibu langu ni mninga, kabla hata ya mkangazi.

Shamba kubwa, na mti usiotaka shamba

Sao Hill, Mufindi, ndilo shamba kubwa la miti ya kupandwa nchini, lakini huko ni misonobari na mikaratusi. Kwa mbao ngumu, bonde la Kilombero lina rekodi yake. Kilombero Valley Teak Company ilianza 1992, na leo ina karibu hekta 8,000 za mitiki katika wilaya za Kilombero na Ulanga, huku sehemu kubwa zaidi ya ardhi yake ikiachwa msitu wa asili. Ni miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya mitiki ya binafsi barani Afrika. Mtiki wenyewe ni mgeni: Wajerumani waliupanda nchini mwaka 1898, Dar es Salaam na Mhoro, Rufiji, kwa mbegu kutoka India.

Swali linalonisumbua siku nyingi: kwa nini bonde lenye mikangazi ya asili lipande mtiki wa Asia? Jibu ni nondo mmoja, Hypsipyla. Kiwavi wake hutoboa kichipukizi cha juu cha mkangazi mchanga na kukila kwa ndani. Kichipukizi kikifa, mti unatoa matawi mawili au matatu kushindania nafasi, na shina lililotakiwa kunyooka meta 15 linagawanyika kwenye meta mbili. Ukipanda mikangazi hekta nzima, peke yake, kwenye jua, umemwandalia nondo karamu. Mdudu wa jamii hiyohiyo anaitesa mahogani ya Amerika, ndiyo maana hata huko mashamba yake makubwa yameshindwa mara nyingi.

Msituni hali ni nyingine. Mkangazi mmoja hapa, mwingine mbali, katikati yake miti ya kila aina, na kivuli kinachomlazimisha mche kukimbilia juu. Nondo hapati njia rahisi. Kwa hiyo mkangazi haukatai kupandwa, ila unakataa kupandwa peke yake. Wakulima wa kokoa wa Mbingu, magharibi ya Ifakara, wana mazingira yanayoufaa: kokoa inataka kivuli, mkangazi unataka majirani. Miche michache kwa ekari, ikipogolewa matawi ya pembeni mapema, inaweza kumwachia mjukuu mbao ambazo babu hakuzinunua.

Bonde lenyewe

Sifa za bonde nitazitaja kwa kifupi. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero, wenye karibu kilometa za mraba 8,000, uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na unahesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Mto wake unachangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Juu yake, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, ni moja ya sehemu chache za Afrika Mashariki ambako msitu unapanda bila kukatika kutoka tambarare hadi vilele vya zaidi ya meta 2,500. Daraja la Magufuli, meta 384, lililofunguliwa rasmi Mei 2018, limemaliza enzi ya kivuko kati ya Ifakara na Ulanga. Limerahisisha safari ya mgonjwa kwenda hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na limerahisisha pia safari ya lori la magogo. Yote mawili ni kweli.

Maktaba kubwa, na samani zilizobaki

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Hakuna chuo jirani kinachoweza kuipuuza. Lakini mtu anayetaka kuona samani za maktaba za mtindo wa Kiingereza katika ukanda wetu aende Nairobi, kwenye Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyofunguliwa 1931. Ndilo jengo pekee nchini Kenya linalolindwa na sheria yake maalumu ya bunge. Lady McMillan, mjane wa McMillan anayekumbukwa kwa maktaba hiyo, alinunua baadhi ya samani za mwandishi Karen Blixen alipofunga shamba lake na kurudi Denmark mwaka huohuo, zikawekwa humo, na baadhi zimerudi katika nyumba ya Blixen, ambayo sasa ni makumbusho. Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo. Taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, imechukua kazi ya kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Sheria mpya kuliko zote

Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, huko Panama uliamua kwamba mikangazi, mikongo na jamaa za mninga za Afrika ziingie katika orodha ya pili ya mkataba huo, na uamuzi ukaanza kazi Februari 2023. Tangu hapo, mbao hizo tatu ambazo kila seremala wa Ifakara anazijua kwa harufu haziwezi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali kinachothibitisha kwamba ukataji wake hauui misitu. Mahogani ya Honduras iliwekewa masharti hayo mwaka 2003, baada ya karibu miaka 300 ya kukatwa. Sisi tumewahi kidogo.

Uthibitisho kwamba wanavijiji wanaweza kusimamia mbao zao tunao nyumbani. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii. Walianza na mpingo. Hakuna sababu vijiji vya Mlimba na Malinyi visifuate kwa mninga na mkangazi.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Ifakara kuagiza kabati la vitabu, mwombe fundi akuonyeshe hati ya mbao na alama ya nyundo kwenye gogo. Muulize zimekauka muda gani, na kama ni mbichi, lipa kianzio uondoke, urudi baada ya miezi kadhaa. Mwambie pembe za droo azichonge meno, umlipe kwa kazi hiyo ya ziada bila kubishana, na umtake aandike jina lake na mwaka ndani ya mlango. Na kama una shamba lenye migomba au kokoa, kituo cha mbegu za miti cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kiko Morogoro. Nunua mbegu za mkangazi, uzipande mapema kwa sababu hazihifadhiki muda mrefu, mche mmoja mmoja katikati ya miti mingine.